Kiingilio ni Maji

Katika miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwona Kiongozi akicheza. Hata kutikisa kichwa hakutikisa. Alisimama jukwaani na gitaa lake la solo, koti limefungwa vifungo vyote katika joto la Masasi, ameinamisha uso kama mtu aliyedondosha sindano. Asiyemjua angedhani ana haya. Kumbe alikuwa anaangalia miguu ya watu.

"Uso unadanganya, Mwalimu," aliniambia siku moja. "Mtu atakuchekea huku anatamani kwenda kwake. Mguu haujui adabu. Ukichoka, umechoka."

Mwalimu huyo ni mimi. Nilifundisha shule ya msingi Lulindi, na kwa miaka tisa niliiandikia bendi yake maneno ya nyimbo. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani anayemweleza Kiongozi hapa ni shahidi asiye na upande. Nilimpenda. Nilimkasirikia pia, na hasira nyingine sijaitoa mpaka leo, wala sioni sababu ya kuitoa.

Kila mtu alimwita Kiongozi. Mkewe, Mama Tekla, alimwita Kiongozi, mara nyingine kwa heshima, mara nyingi kwa kejeli, hasa alipomtuma kuni. Padri alimwita Kiongozi alipompa kikapu cha sadaka, kwa kuwa mtu huyuhuyu aliyepiga bugi, dansi la Jumapili mchana, alikuwa asubuhi yake amepita mabenchini kanisani na kikapu, na koti lilelile. Alikuwa mkali wa saa kuliko kengele, akimfokea mpiga besi kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe akifika wa mwisho. Aliwakataza wapigaji wake wasiguse uraka, pombe ya mabibo, na wimbo wake mzuri kuliko wote wa zamani uliusifu uraka tangu bibo linapoanguka hadi mtu anapoanguka. Ukimwuliza inakuwaje, alisema, "Mimi nimekataza kinywa. Sikukataza sikio."

Bendi yake haikuwa na mwenyewe. Kijana wa leo hataona ajabu, lakini zama zile bendi zilikuwa za watu wakubwa: ya kiwanda, ya jeshi, ya shirika, ya chama. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa na namba za ofisi zilizopigwa rangi nyeupe ubavuni. Kiongozi alinunua vyake kidogokidogo kwa korosho za shamba alilorithi kule Newala, na bendi ilisafiri juu ya magunia ya watu wengine. Waliwahi kumfuata watu wa ushirika wakamtaka aingize bendi kwao, wampe sare na lori. Nilikuwepo. Aliwakaribisha, akawalisha ugali wa muhogo na kisamvu, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Wakaondoka wameshiba na wamenuna.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, redio kaseti zikajaa vibandani, wanunuzi wa korosho wakaja na magari yao, na zile bendi zenye wenyewe zikaanza kufa moja baada ya nyingine, maana wenyewe walikuwa wanatafuta pa kushika. Watu walimwambia Kiongozi na yake itakufa. "Yatima hafiwi mara mbili," akajibu, akaendelea kukaza nyuzi.

Kilichonichekesha zaidi kwake ni namna alivyotumia maji. Yeye ni mtoto wa uwanda wa juu, Newala, alikokulia ukingoni kabisa, pale nchi inapokatika na kuteremka kuelekea Ruvuma. Mimi ni mtu wa Lulindi, tuna kijito na visima. Akija kwangu nilimletea beseni anawe vumbi la njia. Alinawa uso na mikono. Badala ya kumwaga, alisugua ndala zake kwa maji yaleyale. Kisha akaliinua beseni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto, akapita nyuma ya nyumba, akayamwagia mpapai wangu polepole hadi tone la mwisho. Nikamwambia mke wangu kwamba mgeni wetu ni bahili hata wa vitu visivyo vyake. Tukacheka. Kwa miaka tisa nilimtazama akifanya hivyo na sikumwuliza sababu hata mara moja, mwalimu mzima.

Sasa nieleze nyimbo zetu, maana ugomvi ulianzia hapo. Zilikuwa nyimbo za kusikiliza. Nilitunga beti, yeye hakupenda karatasi, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti mara mbili na alikuwa ameshazikamata. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa ile ya karani anayemsahau mama yake, beti kumi na moja, na katika ubeti wa tisa wauguzi wa zahanati walikuwa wakitoa leso. Watu wetu walikuwa walimu, makarani, wauguzi, mafundi, wazee wa kanisa na wa msikiti. Walikuja wamevaa vizuri, wakakaa kwenye mabenchi, wakatikisa vichwa. Mimi nilikaa benchi la mbele na niliyatafuna maneno yangu mdomoni kabla hayajaimbwa. Ilikuwa raha yangu kubwa duniani, sitaki kuficha.

Kisha tukaenda Lisekese, sikukuu ya mavuno, na jenereta likazima katikati ya ubeti wa saba. Tulikaa tukisubiri. Upande wa pili wa uwanja vijana walikuwa na redio kaseti ya betri inayopiga disko, na watu wetu, wale wa mabenchi, walianza kuondoka mmoja mmoja kuelekea kule. Muuguzi mmoja aliondoka na leso yake mkononi. Jenereta lilipowaka, Kiongozi hakurudi kwenye gitaa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa duara la vijana, mikono nyuma, anaangalia chini. Alikaa hivyo muda wa nyimbo tano. Njiani kurudi, juu ya magunia, tulipoziona taa za Masasi, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "umewahi kuona watu wetu wanavyokaa? Wanakaa kama wanasubiri sindano."

Miezi minane baadaye kanda mpya ilitoka. Alikwenda Dar es Salaam na wapigaji wanne, wakarekodi kwenye studio ya mtu binafsi. Alirudi na kinanda cha betri kilichojua kupiga ngoma chenyewe. Ukibonyeza kitufe kinadunda mpaka ukionee huruma. Juu ya mdundo ule aliyapitisha magitaa mafupimafupi, yanakatana kama michi mitatu kwenye kinu kimoja. Nyimbo zilikuwa sita. Mimi sikuitwa studio. Nilinunua kanda yangu stendi ya Masasi kama mtu yeyote, nikaisikiliza kibandani nimesimama, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa karani. Beti kumi na moja zilikuwa zimebaki mistari minne, inarudiwa na kurudiwa:

*Karani wee, kalamu mfukoni,*
*mama yako wapi? Yuko bondeni.*
*Karani wee, kiatu kinameta,*
*ndoo ya mama nani ataileta?*

Nilikwenda kwake moja kwa moja na kanda mkononi. Shikamoo niliitoa, ila ilitoka kavu.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

"Kiongozi, beti zangu ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi? Nasikia mistari minne."

"Hiyo ndiyo ilikuwa inatembea," akasema, bila ubaya wowote, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi. "Mingine ilikuwa imekaa."

"Ubeti wa tisa ulikuwa unaliza watu!"

"Walilia wamekaa."

Mama Tekla alitoka jikoni akasema, "Kiongozi, muombe radhi mwenzio." Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akafikiri kwa haki kabisa, nakumbuka, kama mtu anayetafuta kosa lake mfukoni. Halafu akasema hakuliona. Niliondoka. Sikurudi nyumbani kwake kwa muda mrefu sana.

Usidhani niliudhika peke yangu. Masasi nzima iligawanyika. Walimu wenzangu walisema mzee ameuza heshima yake kwa kinanda cha mtoto. Mpiga tumba wake wa siku nyingi aliacha bendi, akauliza kama kitufe kimeajiriwa yeye afanye nini. Wazee walisema ngoma ivumayo haidumu, wakaona wamemaliza. Vijana wa Lisekese walisema mzee ameamka, ila ameamka jua limeshapanda. Fundi cherehani wa stendi aliipiga kanda ile asubuhi hadi jioni, akaniambia inamwongezea kasi ya kushona. Kilichomsumbua ni kwamba suruali zilikuwa zinatoka mguu mmoja mrefu. Padri hakusema kitu madhabahuni, lakini Kiongozi alidai kwamba alipopita nyumbani kwa padri kumpelekea kikapu, aliona chini ya pazia viatu vyeusi viwili vinakwenda mbele na nyuma. Hakugonga mlango. Alikiweka kikapu barazani akaondoka, na huo, nadhani, ndio upole mkubwa niliowahi kusikia kutoka kwake.

Mimi binafsi nilisema kwa kila aliyetaka kunisikiliza kwamba kanda ni mbovu, na kwamba wimbo wa tatu, ule wa kinanda kitupu, ni fedheha. Nilikuwa nikiupiga kila jioni ili nipate hoja. Mke wangu aliniuliza kwa nini mguu wangu unapigapiga sakafu. Nikamwambia ni hasira.

Bugi la kwanza la nyimbo mpya walipigia Masasi. Wakaja watu ishirini, wakakaa kwenye mabenchi, wakaomba nyimbo za zamani. Kiongozi akakataa. Wakaomba tena, kwa heshima, mmoja wao mkuu wa shule yangu. Kiongozi akafungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akasema kwenye kipaza sauti, "Za zamani mnazo majumbani. Mimi nimekuja na hizi." Akabonyeza kitufe. Nusu yao wakaondoka. La pili, Jumapili iliyofuata, walikuja tisa. Wapigaji wakamkalisha kitako. Kulikuwa na mwenye baa anayetaka spika na amplifaya aanzishe disko, na walichoka kupigia ukuta. Wakakubaliana hivi: wataenda Newala mara moja, na Newala ikiwa tupu, vyombo vitauzwa na kila mtu ataenda shambani kwake. Kiongozi akasema sawa. Kisha akatangaza kiingilio.

Tangazo lilibandikwa mpaka stendi ya kwetu. Mwandiko ulikuwa wa mpiga besi, lakini maneno yalikuwa ya Kiongozi, mafupi kama alivyoyataka: *Bugi Newala, Jumapili saa tisa. Kiingilio ni maji. Kila mtu aje na yake, sakafu ni ya vumbi.*

Nililisoma mara tatu. Ilikuwa mwezi wa kiangazi kikali. Sisi wa chini tulijua habari za Newala: mabomba yanayokohoa hewa, mama wanaoteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, matangi ya mvua yanayofungwa kwa kufuli. Na mtu huyu, mzaliwa wa hukohuko, anawaambia walete maji wayamwage chini ili wapate kuruka! Niliona nimempata. Sikuwa napigania beti tena, nilikuwa napigania haki za akina mama wa Newala. Ndivyo nilivyojiambia, na niliamini. Niliandika barua kurasa mbili kwa afisa utamaduni anayetoa vibali, nikaomba kibali kizuiwe, nikaipeleka mwenyewe ili isipotee. Nilijua vizuri kabisa kwamba bugi likizuiwa bendi imekwisha. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimewahi kulisimulia bila sentensi hiyo.

Nilipanda Newala Jumapili ile juu ya lori, na nilipofika nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Afisa nilimkuta nyumbani, mzee wa Kimakonde mwenye chale za zamani usoni, anapiga pasi shati. Niliamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akaisoma barua yote, midomo ikicheza. Alipomaliza akaikunja vizuri.

"Mwalimu, mwenzetu umezaliwa wapi?"

"Lulindi, mzee."

"Aah." Akasema kama daktari aliyeona ugonjwa. "Lulindi mna mto."

Akainuka, akaenda uani, akarudi na ndoo ndogo. Ndani mlikuwa na maji ya kijivu, yana mafuta juu na punje mbili za wali.

"Haya tumeoshea mchele jana. Halafu mke wangu akaoshea vyombo. Leo asubuhi mimi nimefulia soksi. Yalikuwa yaende kwenye mgomba, lakini mgomba utanisamehe, maana nakwenda nayo bugi." Akanitazama usoni, na nadhani alinionea huruma kidogo. "Mwalimu, wewe ulidhani mtu wa Newala akiambiwa aje na maji ya kumwaga atabeba ya kunywa? Nani amwage maji yasiyomaliza kazi? Hata mtoto mchanga hapa hajui kufanya hivyo."

Beseni, ndala, mpapai, miaka tisa. Nilijisikia mjinga, na nikiwa mjinga huwa mkaidi zaidi. Badala ya kurudi stendi nikaenda kwenye ukumbi, nikajiambia naenda kuhakikisha umekuwa mtupu.

Foleni ilizunguka ukumbi na kutokea barabarani. Watu walikuwa na ndoo, makopo, masufuria, birika moja lisilo na mdomo. Mlangoni alikaa Mama Tekla na pipa, anachungulia kila chombo, anakinusa, anamimina. Ndani, mpiga besi alikuwa anachota kwa kopo na kunyunyizia sakafu ya udongo, na harufu ilikuwa ya sabuni, ya muhogo ulioloweshwa, ya jikoni za mji mzima.

"Haya ya nini, bibi?"

"Nimemwogesha mjukuu."

"Pita."

"Haya?"

"Nimefulia kaniki. Yamekolea hayo, ukiyamwaga, vumbi halinyanyuki mpaka Pasaka."

"Pita, mwanangu. Nawe?"

Nilikuwa mimi. Nilikuwa na chupa moja ya maji niliyotoka nayo Lulindi, sikuyanywa yote. Nikamwonyesha. Mama Tekla akaifungua, akanusa, akairudisha.

"Haya safi. Hayapiti."

"Mama Tekla, ni mimi."

"Nakuona, Mwalimu. Umejaa vumbi kama gunia. Nawa uso hapo pembeni, kinga kwenye kopo hili, uingie. Kiongozi atafurahi."

Watu wa nyuma yangu walianza kucheka, si kwa ubaya. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kunawa uso. Lakini ningenawa pale ningekuwa nimekiri barua, na tangazo, na mistari minne, yote kwa kopo moja. Nikasema, mbele ya foleni nzima, na vumbi likinidondoka kwenye kope, "Sijachafuka."

Mama Tekla akalirudisha kopo kando ya pipa. "Basi subiri uchafuke," akasema, akamgeukia mtu wa nyuma yangu.

Nilisimama nje, chini ya dirisha. Kinanda kikaanza, magitaa yakaingia, na nikasikia sakafu. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa miguu mia mbili juu ya udongo uliolowana, haipigi kelele, inadunda, mpaka ukuta niliouegemea ukanipiga mgongoni. Halafu wakaimba. Kiongozi hakuwaambia waimbe. Walipofika *mama yako wapi*, ukumbi mzima ulijibu *yuko bondeni*, na waliojibu kwa nguvu zaidi walikuwa wanawake. Mimi neno bondeni niliandika kwa sababu linapatana kwa vina na mfukoni. Sikuwaza bonde lolote. Wao walikuwa wametoka huko asubuhi, ndoo kichwani. Katika beti kumi na moja, Kiongozi alikuwa ametupa machozi yangu yote na kubakisha mistari ile tu iliyobeba maji, na hakuwahi kunieleza, maana kwake ilikuwa wazi kama mchana. Nje kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa kupumzika. Akaniambia, "Mcheza kwao hutunzwa, babu," na akaniuliza mimi kwetu ni wapi.

Sikuingia. Nilishuka na lori la jioni.

Bendi iliishi misimu mingine mingi baada ya hapo, haikuuzwa kwa mwenye baa wala kwa mtu yeyote. Kibali hakikuzuiwa, na afisa hakumwonyesha Kiongozi barua yangu. Najua kwa sababu mwenyewe nilikuja kumwambia Kiongozi.

Hiyo ilikuwa baadaye sana, bendi ilipokuwa imekwisha kwa njia ya kawaida ya vitu kuisha, wapigaji wamezeeka, kinanda kimeliwa na panya. Kiongozi alikuwa amerudi Newala shambani kwake. Nilisikia magoti yanamsumbua. Nilistaafu mwaka ule, na mtu akistaafu hukosa visingizio. Nikapanda bodaboda kutoka Masasi, na njia ya vumbi ni ileile.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuinua uso nilipokaribia.

"Mwalimu," akasema. "Bado unakanyaga kwa kisigino kama unasimamia mtihani."

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

Sikujua anasema saa au miaka. Nilikaa. Nikamweleza habari ya barua, yote, kurasa mbili. Alisikiliza kama alivyowasikiliza wale wa ushirika, mpaka mwisho. Nilitegemea angekasirika, na nilikuwa tayari, nilikuwa na yangu ya kumjibu.

"Ungeniambia mapema," akasema, "ningekutungia wimbo."

"Na wimbo wa tatu ni mbovu," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Mbovu sana. Kile kitufe kilinasa, mwenye studio akasema muda umekwisha." Akanyoosha mguu kwa shida. "Lakini kesho ningeitoa tena kanda ile. Na wa tatu wake ndani. Na mistari yako minne, siongezi mmoja."

"Ulikosea kutoniita."

Akafikiri, vilevile kama zamani, anatafuta mfukoni. "Hilo kweli," akasema. "Kukata sikukosea. Kutokuita nilikosea."

Mama Tekla alikuwa amesimama mlangoni, mzee naye, mikono kiunoni. Nyuma yake uani kulikuwa na bomba linalotoa maji siku linazotaka lenyewe, na ndoo tatu zimepangwa kwa usafi wake, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniuliza, na hakucheka alipouliza:

"Leo je, Mwalimu? Umechafuka?"

Nikajitazama. Mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni.

"Nimechafuka, Mama Tekla."

Akaleta beseni. Nikanawa uso, nikanawa mikono, maji yakawa rangi ya njia ya Masasi. Nilipotaka kumwaga, Kiongozi alikuwa ameshainuka. Alikataa nisimsaidie. Akaliinua beseni kwa mikono miwili, magoti yakimtetemeka, akaenda kwenye uwanja mdogo uliofagiliwa mbele ya nyumba, akachota kwa kiganja na kunyunyiza, kiganja kwa kiganja, mpaka udongo wote ukatulia. Halafu akanitazama usoni, kitu alichokuwa hafanyi.

"Pita," akasema.

Akarudi kwenye kiti. Mama Tekla akaweka kanda kwenye redio kaseti yenye ufa. Nilisimama peke yangu katikati ya uwanja, mtu mzima wa pensheni, na nikaucheza wimbo wa karani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wa pili pia. Niliimba mistari yote minne kila iliporudi. Wa tatu ulipoanza nikakaa, maana nina msimamo wangu. Kiongozi alikuwa ameinama kidogo kwenye koti lake, anaangalia mguu wangu chini ya kiti.